Namba 1 ya saba: kuyaelewa maoni ya kila Jumatano kuhusu katuni za mashujaa

Aprili 2025 kampuni ya Marvel ya Marekani ilitoa kijitabu cha katuni, The Amazing Spider-Man namba 1. Anayemfahamu Spider-Man kupitia filamu alishangaa, na mshangao wake una msingi: huyu si yupo tangu 1962? Namba moja tena ya nini? Akitafuta jibu mtandaoni anakutana na maoni ya mistari mitatu mitatu yanayoandikwa kila Jumatano, siku vitabu vipya vinapotoka, kuhusu vitabu vyote vya wiki: "pazuri pa kuanzia", "ni tawi tu, ruka", "mchoraji wa zamu", "subiri juzuu". Anayeyaandika anawaandikia wanaojua tayari, na asiyejua anabaki mlangoni. Ni hasara, kwa sababu ndani mna hadithi nzuri kweli kweli, na ufunguo wake si mgumu.

Tuanze na majina. Toleo ni kijitabu chembamba kilichobanwa kwa pini mgongoni. Hadithi yake kwa kawaida ni kurasa 20, kurasa zinazobaki ni matangazo, na bei ya siku hizi ni dola 3.99 au 4.99 za Marekani. Mfululizo ni matoleo yanayofuatana chini ya jina moja, mara nyingi moja kwa mwezi. Kisa ni hadithi moja yenye mwanzo na mwisho ndani ya mfululizo, aghalabu matoleo matano au sita. Kisa kikiisha, matoleo yake huchapwa pamoja kama kitabu kimoja bila matangazo, na hicho ndicho kinachoitwa juzuu. Aliyewahi kufuata hadithi ya gazetini anaujua utaratibu huu: toleo ni kile kipande kinachoishia na "itaendelea", juzuu ni kitabu kinachotoka hadithi ikishakamilika.

Kwa hiyo maoni ya Jumatano yanahukumu kurasa 20, hayahukumu hadithi nzima. Mtu akiandika kwamba toleo la tatu "halina kitu", huenda anasema kweli kuhusu toleo hilo na bado juzuu yake ikawa nzuri sana. Kisa kilichotandazwa polepole huumiza anayesubiri mwezi mzima kupata kurasa 20, lakini aliyekikuta kimekamilika hukimaliza jioni moja bila kuhisi uzito huo.

Kwa nini Jumatano, na kwa nini haraka

Zamani katuni za Marekani ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti. Action Comics namba 1, iliyomleta Superman mwaka 1938, iliuzwa senti 10 kibandani. Muuzaji aliruhusiwa kurudisha ambazo hazikuuzwa, au kuchana majalada na kurudisha hayo tu ili arudishiwe pesa yake. Mwezi uliochapwa kwenye jalada ulitangulizwa, kwa kawaida miezi miwili mbele, ili kijitabu kisionekane kimechina na muuzaji ajue lini akiondoe. Ndiyo sababu utakuta toleo lililotoka Novemba limeandikwa Januari. Si kosa la uchapaji.

Miaka ya 1970 mfanyabiashara wa New York, Phil Seuling, alipendekeza njia nyingine: maduka maalumu yanunue moja kwa moja kwa punguzo kubwa zaidi, lakini yasirudishe chochote. Njia hiyo ndiyo iliyotawala hadi leo, na ndiyo inayoeleza karibu kila jambo la ajabu katika biashara hii.

Chukua mfano wa hesabu. Toleo la dola 4.99, duka likilipata kwa karibu nusu ya bei, ni kama dola 2.50. Muuzaji akiagiza nakala 10 anatoa dola 25. Akiuza tano anapata dola 24.95, maana yake bado hajarudisha pesa yake na nakala tano zimelala. Faida inaanza na nakala ya sita. Sasa ongeza hili: oda ya mwisho hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kuuza, mara nyingi tatu au zaidi. Mfululizo mpya wa kila mwezi ukianza, oda ya toleo la pili inafungwa karibu na siku ile ile la kwanza linapotoka, pengine muuzaji hajamwona mteja hata mmoja akilifungua. Anaagiza gizani.

Hapo ndipo maoni mafupi yanapopata uzito. Wiki ya kwanza ya namba 1 ndiyo dirisha la kwanza ambalo wasomaji wanaweza kumpa muuzaji ishara kabla hajapunguza oda za toleo la tatu na la nne. Maoni yaliyokamilika na yenye utafiti yanayotoka miezi mitatu baadaye ni mazuri kwa mnunuzi wa juzuu, ila kwa mfululizo ambao kampuni imekwisha kuukata kwa sababu ya oda chache hayasaidii kitu. Mistari mitatu siku ya Jumatano inasaidia.

Jumatano yenyewe ni siku ya msambazaji. Maboksi hufika dukani mapema kidogo, nayo maduka yote hukubaliana kutouza kabla ya siku hiyo. Kwa miaka mingi msambazaji mkubwa alikuwa mmoja, Diamond, ambaye kuanzia katikati ya miaka ya 1990 alishika karibu soko lote. Aprili 2020, wakati wa korona, Diamond ilisimamisha usafirishaji na kwa wiki kadhaa vitabu vipya havikwenda popote. DC, kampuni ya Superman na Batman, iliondoka Diamond mwaka huo na kuhamishia siku yake Jumanne. Marvel ilimhamia msambazaji mwingine, Penguin Random House, mwaka 2021. DC ilirudi Jumatano Julai 2024, na Januari 2025 Diamond iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Ukisoma maoni ya mwaka 2022 yanayosema "vitabu vya Jumanne", ujue yanazungumzia DC.

Namba kubwa na namba ndogo

Turudi kwa Spider-Man. Ukilishika toleo lile la Aprili 2025 na kutazama jalada, utaona namba mbili: 1 kubwa, na kando yake maandishi madogo, LGY #965 (LGY ni kifupi cha legacy, yaani urithi). Dereva yeyote anaelewa hapo hapo. Kwenye dashibodi kuna mita ya safari, ile unayoirudisha sifuri ukianza njia mpya, na kuna mita kuu inayohesabu kilomita zote tangu gari litoke kiwandani. Namba 1 ni mita ya safari. LGY ni mita kuu.

Mfululizo wa The Amazing Spider-Man umerudishwa kwenye 1 mara kadhaa. Wa kwanza ulianza na jalada la Machi 1963 ukafika 441. Namba 1 ya pili ina jalada la Januari 1999. Ilipofika 58, Marvel waliona kwamba 441 na 58 ni 499, wakaliita toleo lililofuata 500. Wakaenda hadi 700, Desemba 2012. Kisha namba 1 zikafuatana: 2014, 2015, 2018, 2022 na 2025. Jumla saba. Hesabu ya LGY inajumlisha safari zote hizo, na hata mfululizo wa Superior Spider-Man wa 2013, ambao haukuwa na jina lile lile. Kwa hiyo mita kuu nayo ni uamuzi wa wahariri kuhusu nini kihesabiwe. Si kanuni ya hisabati.

Sababu ya kurudisha sifuri unaipata kwenye hesabu ya muuzaji. Mteja mpya akiona namba 47 anaogopa kwamba amekosa 46. Akiona 1 ananunua. Oda za namba 1 hupanda, za 2 hushuka, za 3 hushuka zaidi. DC ilifanya hivyo kwa wingi Septemba 2011, ilipoanzisha mifululizo 52 yote kwa namba 1, ikiwa pamoja na Action Comics ambayo ilikuwa imepita 900. Baadaye, mwaka 2016, walirudisha hesabu ya zamani kwa Action Comics namba 957, na Aprili 2018 ikatoka namba 1000. Batman naye alianzishiwa namba 1 mpya Septemba 2025, chini ya mwandishi Matt Fraction na mchoraji Jorge Jiménez.

Kwa maoni yangu namba 1 nyingi mno zimeipunguzia nguvu namba yenyewe. Lakini zina faida ya kweli kwa msomaji mpya: mara nyingi namba 1 maana yake ni mwandishi mpya, na mwandishi mpya analazimika kukutambulisha wahusika upya. Usitazame namba peke yake. Tazama jina la mwandishi lililobadilika.

Spider-Man yupi ndiye wa kweli

Hapa wengi hukata tamaa, na hapa ndipo sisi tuna msaada wa nyumbani. Abunuwasi ana visa vingapi? Katika kimoja ni maskini, katika kingine ana mali, hapa anamshinda sultani, pale anamshinda jirani. Hakuna msikilizaji anayesimamisha msimulizi kuuliza ni Abunuwasi yupi wa kweli. Kila kisa kina ulimwengu wake.

Kampuni za katuni zimefanya hivyo hivyo, ila zimezipa dunia hizo namba. Ya kawaida ya Marvel, ambamo Spider-Man wa LGY 965 anaishi, ni 616. Mwaka 2000 walianzisha dunia ya pili, Ultimate, namba 1610, ili kumsimulia Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, upya akiwa kijana wa shule. Humo ndimo alimozaliwa Miles Morales, Spider-Man mwingine, mwaka 2011, na dunia hiyo ilipofungwa mwaka 2015 Miles alihamishiwa ile ya kawaida. Januari 2024 ukaanza mfululizo wa Spider-Man wa Ultimate nyingine, namba 6160. Upande wa DC, wazo la dunia nyingi lilianza kwenye toleo la The Flash namba 123 la mwaka 1961, na tangu Oktoba 2024 wana mkondo uitwao Absolute, ambamo Batman, Wonder Woman na Superman wameanzishwa upya kabisa.

Kwa hiyo maoni yanaposema "Spider-Man ameoa na ana watoto wawili", usidhani ndoa hiyo imo kwenye vitabu vyote. Imo kwenye Ultimate ya 2024. Angalia kwanza neno lililo mbele ya jina la shujaa: Amazing, Ultimate, Absolute. Neno hilo ndilo anwani.

Na kifo je? Superman alikufa kwenye Superman namba 75, Novemba 1992, na habari ikafika kwenye magazeti ya kawaida. Mwaka uliofuata alirudi. Fisi wa ngano zetu huuawa na ujanja wa Sungura leo, kesho yupo tena ana njaa. Shujaa ambaye ni mali ya kampuni huwa hazikwi moja kwa moja. Swali la maana ni kama kisa cha kifo kimesimuliwa vizuri, na maoni mafupi yaliyo mazuri hujibu hilo badala ya kupiga yowe.

Kinachoandikwa katika mistari mitatu

"Mchoraji wa zamu", yaani anayeshika nafasi ya mchoraji wa kawaida, ndiyo lawama inayojirudia kuliko zote, na chanzo chake ni kazi ya mikono. Mchoraji wa penseli hukamilisha kwa wastani ukurasa mmoja kwa siku. Kurasa 20 ni siku 20 za kazi, yaani mwezi mzima. Baada yake yuko mtia wino, kisha mtia rangi, kisha mpanga herufi anayeweka maneno kwenye viputo, na mhariri anayewakimbiza wote. Mchoraji akiugua siku tano, hakuna nafuu popote kwenye ratiba. Mfululizo unaotoka mara mbili kwa mwezi, kama Amazing Spider-Man kwa vipindi vingi, hauwezi kuchorwa na mtu mmoja hata akiwa hodari vipi. Ukiona katikati ya kisa nyuso zimebadilika, si uzembe, ni kalenda.

Lakini uchoraji hautajwi kwa lawama tu. Chukua Absolute Batman namba 1, kazi ya Scott Snyder na Nick Dragotta. Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, humo hana utajiri. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake yu hai. Dragotta amemchora mpana kama ukuta, mabega yanagusa kingo za picha, na ile alama ya popo kifuani inachomoka ikawa kichwa cha shoka. Huhitaji kujua hata toleo moja la zamani kuelewa kwamba mtu huyu amejitengenezea silaha kwa alichonacho. Hicho ndicho kinachostahili kutajwa katika maoni ya mistari mitatu: kitu kimoja kilichoonekana kwenye ukurasa, na kilichofanya kazi.

Maoni yangu kuhusu toleo hilo kwa mtindo wa Jumatano yangekuwa hivi: "Pazuri pa kuanzia, hakihitaji kisomo cha awali. Nguvu iko kwenye umbo la Batman mwenyewe. Wahusika ni wengi mno kwa toleo moja. Nunua la pili." Kwa Ultimate Spider-Man namba 1, ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto: "Anayetaka ngumi asubiri, kwani Peter anaumwa na buibui mwishoni kabisa. Lakini mazungumzo ya mtu mzima anayehisi kuna maisha aliyonyimwa yanashika. Mjomba Ben yupo hai, na hilo peke yake linabadilisha kila kitu." Kwa Absolute Wonder Woman namba 1, ya Kelly Thompson na Hayden Sherman: "Diana amelelewa kuzimu na mchawi Circe, na bado ni mpole. Mpangilio wa kurasa ni wa kutazama mara mbili. Bora kati ya yote matatu."

Angalia kilichomo: je, mgeni aingie, nini kimefaulu, nini kimepwaya, anunue linalofuata au asinunue. Maoni yanayokosa jambo la kwanza na la mwisho hayamsaidii mnunuzi, hata yakiwa na maneno mazuri.

"Tawi" ni toleo la mfululizo mmoja lililofungwa kwenye kisa kikubwa kinachopita katika mifululizo mingi kwa wakati mmoja. Shina la kisa hicho huwa na mfululizo wake. Soma shina kwanza. Matawi mengi yanarukika bila kupoteza uzi, isipokuwa yale yaliyoandikwa na mwandishi yule yule wa shina.

Namba 1 si shamba

Imani kwamba kila namba 1 ni akiba ya kutajirisha imewaumiza wengi. Nakala ya Action Comics namba 1 iliuzwa dola milioni 6 mnadani mwaka 2024 kwa sababu watoto wa 1938 waliisoma, wakaikunja, wakaitupa, na zilizobaki ni chache sana. X-Men namba 1 ya mwaka 1991, ya kundi la mashujaa wa Marvel, ilichapwa kwa majalada matano tofauti, na maduka yakaagiza nakala zaidi ya milioni 8. Wanunuzi wengi waliziweka kwenye plastiki bila kuzifungua. Kitu ambacho kila mtu amekitunza hakiwezi kuadimika.

Majalada tofauti bado yapo. Ni kama kanga ya mchoro mmoja na maneno yale yale iliyotoka kwa rangi kadhaa: ndani ya kitabu hakuna kilichobadilika hata nukta. Ukiona 1:25, maana yake duka lilipaswa kuagiza nakala 25 za kawaida ili lipate moja ya jalada hilo. Bei yake kubwa inalipia zile 25, nyingine zikiwa bado rafuni. Na hapo hapo ujue kwamba takwimu za "nakala zilizouzwa" huhesabu nakala walizoagiza wenye maduka, wala si wasomaji.

Anayetaka kuanza

Huhitaji kusoma matoleo 964 yaliyotangulia. Hakuna anayefanya hivyo, hata waandishi wenyewe. Chagua mwandishi mmoja, kisa kimoja, juzuu ya kwanza. Kwa aliye mbali na maduka ya Marekani juzuu ndiyo nafuu pia, maana nauli ya kusafirisha kijitabu kimoja inaweza kuzidi bei yake. Kwa simu, programu ya Marvel Unlimited hupokea matoleo kama miezi mitatu baada ya kutoka. Maoni ya leo yatunze, yatakufaa wakati huo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mlango mmoja wenye udugu ni Storm wa X-Men, Ororo Munroe, aliyeanza katika Giant-Size X-Men namba 1 mwaka 1975. Mama yake, N'Daré, ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na katika toleo hilo tunamkuta Storm nchini Kenya, watu wakimheshimu kama mungu wa mvua. Mfululizo wake ulioanza Oktoba 2024 umeandikwa na Mnigeria, Murewa Ayodele, na kuchorwa na Lucas Werneck.

Ukinunua nakala ya karatasi kutoka kwa mtu mwingine, usiamini picha ya jalada pekee. Tazama msimbo wa mistari. Pembeni mwa ule mkubwa kuna mdogo wenye tarakimu tano. Tatu za kwanza ni namba ya toleo, ya nne ni jalada, ya tano ni chapa. 00111 ni toleo la kwanza, jalada la kwanza, chapa ya kwanza. 00121 ni jalada la pili. 00112 ni chapa ya pili, yaani iliyochapwa baada ya ya kwanza kuisha. Hadithi ni ile ile, kwa hiyo kama unataka kusoma tu, chukua iliyo rahisi zaidi. Muuzaji akikutoza bei ya chapa ya kwanza, tarakimu ya mwisho lazima iwe 1.